Usiishie Kwenye Mhola

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimelala chini ya gari dogo jekundu la viti viwili, mgongo juu ya gunia la pamba, nikipima urefu wa propela kwa futi kamba. Nilikuwa naupima vibaya na sikujua. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina gereji yangu mwenyewe hapa Bariadi, mabati manne na nguzo za mkaratusi, na watu walikuwa wameanza kuniita fundi bila kutabasamu. Nilijiona nimemaliza kujifunza.

Nakuandikia badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu unaniwahi. Juzi nilikuuliza habari za chuo ukanijibu "freshi, mzee," ukakata. Jana dada yako akaniambia kwamba hujaingia darasani wiki ya tatu sasa. Sijakasirika. Nimekaa tu nikakumbuka lile gari, na nimeona ni heri nikueleze, maana mimi mwenyewe niliwahi kujibu hivyo na mtu akaumia.

Gari lilikuwa la Mzee Nkwabi. Huyu alikuwa mtu wa mitambo kwenye jineri ya pamba, mzee mrefu, mpole, anayetembea na kitambaa cha kufutia mafuta hata siku ya kanisani. Mhandisi mmoja mgeni aliyefanya naye kazi miaka mingi alipoondoka nchini alimwachia lile gari. Lilikuwa gari la michezo la Kiingereza, la zamani, paa la turubai, chini kiasi kwamba mbuzi alikuwa anaangalia ndani bila kunyoosha shingo. Mji mzima ulilijua. Likipita, wauzaji wa viazi walisimama.

Giaboksi yake ilikuwa ya gia nne, na gia ya pili ilikuwa imeng'oka meno. Spea hazikupatikana Mwanza wala Dar. Halafu kulikuwa na jambo jingine ambalo mzee alilitaja kwa aibu kidogo, kwamba akifika Lamadi na kuingia kwenye lami kuelekea Nassa, kwao mke wake, injini ilikuwa inalia mno kwenye gia ya nne mpaka hawasikilizani. Mama Sayi, ndiye mke wake, alikuwa amesema hapandi tena kitu kinachomfokea njia nzima. Kwa hiyo mzee alitaka giaboksi ya kisasa ya gia tano, na akaja kwangu, si kwa mafundi wakubwa. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Nilipata giaboksi kutoka kwenye pikapu ya Kijapani iliyopinduka. Sitaki kukuchosha, lakini niache nijisifu kidogo, maana sehemu hiyo ya kazi niliifanya vizuri. Matundu ya boliti hayakulingana na ya injini, nikatengeneza bamba la chuma la kuziunganisha, nikalisawazisha kwa tupa siku mbili. Pleti ya klachi nikatumia ya Kijapani ili iingiane na shafti ya Kijapani. Kijibushi cha katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, nikakipeleka kukerezwa upya. Fimbo ya gia ilitokeza nyuma zaidi ya pale pa zamani, nikakata tundu jipya sakafuni na kulishonea ngozi ya ng'ombe ili vumbi lisiingie. Mzee Nkwabi alipoiona ile ngozi aliipapasa akacheka.

Ikabaki propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma. Giaboksi mpya ilikuwa ndefu kuliko ya zamani karibu shibiri moja, kwa hiyo propela ilitakiwa ikatwe, ifupishwe, ichomelewe upya. Kazi hiyo hufanyika Mwanza kwenye mashine. Mimi niliwatumia kipimo.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Nilipima gari likiwa juu ya magogo, magurudumu ya nyuma yananing'inia. Magurudumu yakining'inia, springi hujikunja na ekseli ya nyuma husogea mbele kidogo. Ukilishusha gari chini, likabeba uzito wake na wa watu, springi hulala na ekseli hurudi nyuma. Kipimo hutakiwa kuchukuliwa gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Sikuwa mjinga wa jambo hilo, niliwahi kufundishwa. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Propela ilirudi, nikaifunga, nikashusha gari, nikaingia chini kuangalia. Kile kichwa chenye meno kinachoingia nyuma ya giaboksi kilikuwa kimebaki nje sehemu kubwa, chuma kinang'aa. Kilichokuwa kimeshika ndani ni upana wa vidole viwili tu, na ilitakiwa iwe kiganja kizima. Nililala pale chini muda mrefu nikiangalia vidole vyangu.

Dawa yake ilikuwa inajulikana: kuifungua, kuirudisha Mwanza, kuweka bomba refu, wiki moja nyingine. Lakini Mzee Nkwabi alikuwa anakuja kesho yake asubuhi, na nusu ya soko ilikuwa inajua kwamba anakuja. Nililiendesha peke yangu hadi jineri na kurudi. Halikulia. Nikajiambia litashika, nitamwita baada ya mwezi nimrekebishie kimyakimya kama vile ni sevisi. Usiku huo nilikula vizuri, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi hadi leo.

Unajua jinsi tunavyosalimiana kwa lugha yetu ya nyumbani. Wewe umekulia mjini lakini umesikia. Ukiulizwa mhola unajibu mhola, yaani amani, salama. Hata kama umekuja na habari ya msiba, unajibu mhola kwanza. Unaketishwa, unapewa maji, unaulizwa tena, ndipo unatoa ulichokuja nacho. Wageni hudhani tunadanganya. Hatudanganyi, tunampa mwenzetu nafasi ya kukaa chini kabla hajapokea mzigo. Lakini desturi hiyo ina sehemu mbili, na mimi asubuhi ile nilitumia moja.

Mzee alifika amevaa koti, Mama Sayi nyuma yake na kikapu cha mchele wa kumpelekea mama yake Nassa. Nikawaamkia.

"Mhola, ng'wana wane?" akaniuliza mzee, akiniita mwanangu.

"Mhola, bhabha."

"Na gari?"

"Mhola duhu," nikamjibu. Salama tu.

Akasubiri kidogo. Nakuapia alisubiri. Alinitazama kwa muda wa mtu kufunga kifungo kimoja cha koti, nami nikageuka nikaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na uchafu. Wakapanda, wakaondoka, watu wakapiga makofi.

Habari niliipata alasiri, kwa utingo wa lori la samaki. Walipofika kwenye lami mzee aliingiza gia ya tano kwa mara ya kwanza. Wakaenda hivyo kwa raha mpaka penye kalavati moja ambapo barabara inabonyea. Gari likaruka kidogo, likakaa na uzito wake wote, ekseli ikarudi nyuma, na vile vidole viwili vikaachia. Propela ilianguka upande wa mbele ikachimba lami. Gari lilirushwa likatua kwenye jaruba la mpunga. Mzee alitoka na michubuko. Mama Sayi alivunjika mkono wa kulia, kwenye kifundo.

Mama Sayi alikuwa fundi cherehani, mwanangu. Cherehani yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, na mkono unaozungusha ni wa kulia.

Nilikaa siku tatu bila kwenda kuwaona. Gari lililetwa gereji kwa trekta, nikalifunika turubai nisilione. Siku ya nne nilikwenda. Nilimkuta mzee amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, anachambua maharage, kazi ambayo sijawahi kumwona akiifanya. Nikamwamkia, akaniitikia kama kawaida, akanionyesha kigoda kingine, akaniletea maji mwenyewe. Kisha akaniuliza mhola. Nikajibu mhola.

Akaweka ungo chini.

"Endelea," akasema.

Nilitazama maji kwenye kikombe. Nilitaka anitukane ili nijitetee, lakini alinyamaza tu, na kunyamaza kwake hakukuwa na hasira. Kulikuwa ni kule kusubiri kwa asubuhi ile, ila safari hii hapakuwa na kioo cha kufuta. Basi nikasema. Nilimweleza magogo, kipimo, vidole viwili, jinsi nilivyolala chini ya gari nikijua. Nilipofika pale pa kula vizuri usiku ule nikakiweka kikombe chini.

Nilitegemea anifukuze. Alichukua kitambaa chake, akafuta mikono isiyo na mafuta, akaanza kusema polepole kwamba na yeye ana la kwake. Tangu wakiwa karibu na Lamadi alikuwa anasikia kitu kinagonga chini ya kiti kila wakipita tuta. Yeye ni mtu wa mitambo miaka thelathini, masikio yake yalijua kabisa kwamba kule si kugonga kwa kawaida. Mke wake akamuuliza ni sauti gani hiyo.

"Nami nikamjibu mhola," akasema. "Nilitaka kuisikia gia ya tano."

Hatukujua kwamba Mama Sayi alikuwa amesimama mlangoni, mkono ukiwa kwenye plasta. Alikuwa amesikia yote, ya kwangu na ya mumewe. Alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Kwa hiyo mhola zilikuwa mbili," akasema, "na mkono uliovunjika ni mmoja, wangu."

Akarudi ndani. Mimi na mzee tulichambua maharage mpaka yakaisha.

Nilianza upya kazi ile. Nilipima gari likiwa chini, magunia mawili ya mchele yakiwa kwenye viti, na Mzee Nkwabi amechutama kando akisoma namba kwenye futi kamba kwa sauti. Propela mpya ilikaa kiganja kizima na zaidi. Siku ya kulichukua gari alikuja Mama Sayi mwenyewe mbele, kifundo kimeunga lakini kimepinda. Akaniuliza mhola, nikajibu mhola, akaniambia endelea. Nikamweleza breki. Endelea. Nikamweleza kwamba mafuta ya giaboksi yanavuja tone moja moja. Endelea. Nikamweleza hata honi, kwamba ikinyeshewa inakoroma. Ndipo akapanda. Mumewe alikuwa amekwishapanda, akaambiwa ashuke aulizwe na yeye.

Wakafika Nassa, wakarudi. Gari lile bado lipo, mtoto wao Sayi analo, na giaboksi ni ile ile ya gia tano. Mzee Nkwabi tulimzika miaka mingi iliyopita. Mama Sayi yupo, anazungusha cherehani kwa mkono wa kushoto na anashona kombo kidogo. Shati langu la Jumapili amelishona yeye, na ule ukombo wa kola ninautazama kila ninapojifunga vifungo. Sitaki ninyooshewe.

Nasaha yangu ndiyo hii, na naisema waziwazi usije ukaipita. Kukosea kipimo si jambo kubwa, nimekosea vingi baada ya hapo na vimerekebishika. Kilichovunja mkono wa Mama Sayi ni kujua na kukaa nacho. Ukiulizwa habari, jibu mhola, au freshi, au poa, lolote mnalosema ninyi. Ni adabu. Ila usigeuke kufuta kioo. Mtu anayekupenda atasubiri kidogo baada ya jibu lako, na nafasi ile anayoiacha ni yako, itumie. Na siku ukiwa wewe ndiye unayeuliza, subiri kuliko Mzee Nkwabi alivyosubiri. Yeye mwenyewe aliniambia alijilaumu kwamba alipanda mapema.

Mungu akutangulie, akupe macho ya kuona kosa lako likiwa bado liko juu ya magogo, na akupe mtu wa kumwambia. Akupe mhola yenye sehemu zote mbili.

Nitakupigia Jumapili baada ya ibada. Nitakuuliza mhola, nawe utajibu unavyojibu. Kisha nitanyamaza. Usidhani simu imekatika. Nimeweka vocha ya kutosha, nimeleta kigoda, na siku hiyo sina kazi nyingine.