Asilimia Tisa ya Breki

Gari langu lilikuwa linashika breki lenyewe. Na niseme mapema: halikuwa na injini wala tairi.

Ni kiti cha gari bovu nilichokifunga kwa nati kwenye fremu ya chuma, sebuleni kwangu. Mbele kuna skrini, usukani na pedali mbili.

Ndiyo, mashindano ya magari ya kwenye kompyuta. Cheka ukimaliza tuendelee.

Mimi ni dereva kwa kazi, miaka arobaini na nne. Kwenye ligi yetu ya mtandaoni wananiita Mzee Breki, maana hakuna aliyekuwa anachelewa kukanyaga kama mimi na bado akaipita kona.

Mwaka ule tukaingia fainali kama timu ya watu wawili, mimi na mwenzangu mmoja, fundi wa mitambo kiwandani. Jina lake la ligi ni Chuma. Hatujawahi kuonana uso kwa uso.

Siku tisa kabla ya fainali, mambo yakaharibika.

Kona ya nne nakanyaga, tairi za mbele zinajifunga, gari linakwenda moja kwa moja ukutani kama limeitwa. Narudia. Ukutani tena.

Hata kwenye barabara iliyonyooka likawa zito, utadhani linavuta trela.

Nikapunguza nguvu ya breki za mbele, nikaongeza za nyuma. Gari likaanza kuzunguka kama pia.

Nikabadilisha mpira wa pedali, nikaweka mgumu. Pedali yangu hupima nguvu ya mguu, siyo umbali inaoshuka, kwa hiyo nikaipima upya: kanyaga mpaka mwisho, achia, hifadhi.

Wapi!

Siku ya nne nikalia. Mwanaume mzima, bisibisi mkononi, niko chini ya meza.

"Baba watoto, njoo ule," mke wangu akasema.

"Nani amegusa hii pedali? Ni wewe ukifagia, eti?"

Aliweka sahani, akaondoka. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Chuma akapiga simu. "Mzee, nitumie grafu zako."

Grafu ni mchoro unaoonyesha kila sekunde umekanyaga kiasi gani. Nikatuma. Akazipitia moja moja.

"Mzee, mbona huachii breki?"

"Siachii vipi?"

"Sehemu yote iliyonyooka umekanyaga asilimia tisa. Kwenye kona ndiyo kabisa, badala ya kuachia taratibu unazidi kukandamiza. Ndiyo maana tairi zinajifunga."

"Acha hizo! Mguu wangu wa kushoto nauinua. Pedali ndiyo mbovu."

"Sawa. Mwite shemeji akanyage."

Mke wangu akaja, amenuna. Akakanyaga, akaachia. Sifuri. Akarudia. Sifuri safi.

Nikakaa mimi. Nikakanyaga, nikainua mguu. "Haya, nimeachia."

Mke wangu alikuwa ameinama. "Hujaachia. Mguu umeulaza juu ya pedali."

Sauti ya Chuma kwenye spika ya simu ikabadilika. "Shemeji, mvue soksi. Tafuta pini. Mzee, wewe fumba macho."

Nikafumba. Nikasubiri.

"Haya, anza," nikasema.

Sikuhisi kitu.

"Anza basi!"

"Nimeshakuchoma mara tatu," mke wangu akasema. Alikuwa analia.

Nikafumbua macho. Katikati ya vidole kulikuwa na kidonda kinachotoa maji. Sikujua ni cha lini.

Hospitali wakapima. Sukari. Imenitafuna miaka bila mimi kujua, imeua hisia za mguu wa kushoto, na wa kulia nao umeanza.

"Unafanya kazi gani?" daktari akauliza.

"Dereva."

"Wa nini?"

Nikautazama mguu wangu. "Basi la shule. Watoto hamsini na wawili."

Akaweka kalamu chini.

Hapo ndipo nikaikumbuka Jumatatu iliyopita. Basi, ambalo breki yake nakanyaga kwa mguu wa kulia, lilipitiliza geti la shule, likasimama hatua mbili tu kutoka kwa mama mmoja na mwanawe. Nilimtukana fundi wa gereji mbele za watu. Akaapa breki ni nzima. Nikamwita mwongo.

Tulikaa na mke wangu kwenye benchi nje ya hospitali.

"Nikisema, kazi sina," nikamwambia. "Nikinyamaza, nani atajua?"

"Nitajua mimi."



Kesho yake asubuhi nikamkabidhi msimamizi wa magari funguo. Miaka kumi na saba ya kazi ikaishia juu ya meza yake. Nilitoka pale sijui nyumbani nitawaambia nini wanangu.

Kabla ya kwenda nyumbani nikamfuata yule fundi gereji. Nikamwomba radhi, nikamweleza yote. Nilitegemea matusi, na nilistahili.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini polepole, ameshika goti.

"Huyo daktari wako anaona watu siku gani?" akauliza. "Mimi nyayo zangu zina ganzi tangu mwaka jana. Sijamwambia mtu. Na mimi ndiye ninayeyajaribu haya mabasi barabarani."

Tulikwenda wote mchana uleule.

Fainali Chuma alikimbia peke yake, akawa wa saba. Mimi kidonda kimefunga, mguu ninao. Kazi bado natafuta.

Wewe unayesoma, hasa kama kuna watu wanaokukabidhi maisha yao kila asubuhi: usikimbilie kulaumu mashine na wanaokuzunguka wakati mwili wako hujaukagua. Kapime sukari wiki hii. Maoni utaandika ukisharudi.