Shamba la Mama Halipitii kwa Baba

Godlisten ni fundi wa programu hapa Morogoro Mjini, na kiburi chake peke yake kinatosha kujaza seva. Aliandika maktaba, yaani msimbo ambao mafundi wenzake huuchomeka kwenye programu zao, ya kuvuta taarifa za wakulima wa karafuu: unaingia kijiji, ndani yake kaya, ndani ya kaya mume, na kwa mume ndipo ulikute shamba. Mwanvita, anayetengeneza programu ya simu ya kugawia miche, akamtafuta humo mama yake mzazi, mkulima wa Mkuyuni. Hayumo.

"Mwandike baba yako ndiye mwenye shamba," Godlisten akasema bila kugeuka.

"Baba alikuja kwetu na mkeka tu. Shamba ni la ukoo wa mama. Uluguru ndivyo tulivyo."

"Mfumo haufuati mila za kila mlima, dada."

"Ila za mlima wenu, shamba kwa baba, umezifuata?"

Tukacheka ofisi nzima. Akanuna. "Njia ni hiyohiyo. Hutaki, acha."

Mwanvita akaacha kweli. Akaing'oa maktaba nzima kwenye programu yake, akaandika yake inayoiuliza seva shamba moja kwa moja, mwenye nalo awe yeyote. Mama akaonekana, miche yake ikapitishwa.

Godlisten hamsalimii mpaka leo. Maktaba yake anaitumia peke yake.