Mahindi ya Mama Yaliyokwisha Kulowekwa

Mama hapandi mahindi makavu. Anatwanga majani ya mwarobaini, anayaloweka kwenye ndoo, anatumbukiza mbegu humo mpaka alfajiri, kisha anazichuja, anazipaka majivu na kuzipanda asubuhi hiyohiyo. Mwonjaji ni mimi. Nalamba punje moja. Nikikunja uso, dawa imekolea. Siku moja nilitabasamu kwa utani, nikalambishwa ya pili.

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, karibu na Ruvuma inapoingia baharini, shamba letu jipya lilikuwa na mchwa wengi kuliko wanakijiji. Mama alipanda kwa haraka, bila dawa, mchwa wakala mbegu zote. Akabakiwa na mbegu za ndoo moja. Hizo zikiharibika, ni muhogo mpaka mwaka mwingine, na mimi na muhogo tulishachokana.

Mvua ikanyesha, akaziloweka zote. Alfajiri, majivu bado mikononi mwa mama, balozi wetu wa nyumba kumi akapita akipiga kelele: mvua imekuja, leo wote shamba la kijiji, wanafunzi pia! Mbegu zilizovimba hazingoji; zikilala tena, zinavunda.

"Shikamoo, ndugu balozi," nikasema. "Mbegu zetu nazo ni wajamaa. Zimeamka, zimeoga, zimejipodoa, zinangoja kazi."

"Marahaba. Mdomo huo uje nao, ukalime." Kisha akamwambia mama, taratibu, "Dada, nikikuruhusu wewe, nitabaki na jembe langu peke yangu."

Mama akaibeba ndoo, akaiweka chini ya mkorosho na kuifunika majani. Analima hatua mbili, anageuka kuitazama. Jirani yetu, mama mmoja aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma wakati wa vita, alikuwa mstari wa pili.

"Mwenzangu, ndoo ile ina mtoto?"

"Ina mbegu. Nimeshaloweka."

"Ala! Sasa umenyamaza kama umeiba?"

Akawageukia wanawake wengine, akamwaga Kimakonde. Sisi ni watu wa kuja. Kimakonde changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Nilisikia vicheko, nikadhani tunasengenywa.

Kengele ya kumaliza kazi ilipogongwa, hakuna aliyeshika njia ya nyumbani. Walielekea shambani kwetu, majembe begani. Balozi naye.

"Sikuja kulima," akasema. "Nimekuja kumsimamia huyu mwenye mdomo."

Akalima kutushinda. Huyu anachimba, huyu anadondosha punje, huyu anafukia kwa unyayo. Jua halijazama, ndoo ikawa tupu. Mama hakuwa na cha kuwapa ila muhogo wa kuchemsha. Waliosha mikono, lakini mwarobaini hausikii maji. Kipande cha kwanza tu, wote wakatema.

"Dada, umetuloga!" jirani akapiga kelele.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tangu tuhamie sikuwa nimemwona akicheka hivyo. Nikala muhogo wangu, mchungu vile vile, nikaongeza mwingine.

Mahindi yaliota, mchwa wakayapita. Mapengo yalikuwa kwenye mstari wa balozi tu, maana alichimba mashimo kama ya kuzikia mbuzi. Nilimfuata hadi kwake kumshukuru.

"Ahsante sana, ndugu balozi," nikamwambia, na nilimaanisha kabisa. "Na yale yako yaliyoko chini tutayangoja tu."