Mama Alivyomkaribisha Baba Chakula

Sijui kuandika vizuri, shule yangu iliishia darasa la saba, na inawezekana macho yangu yalikosea. Lakini kusema nimetunga, hapana. Jambo hili limetokea kwetu Ipuli, hapa Tabora, mchana kweupe, sebuleni.

Mama alipofariki alituachia kanda za video za sherehe za nyumbani. Tukamwita fundi, akazihamishia kwenye kisanduku cha kutunzia video, akakiunganisha na ruta ya intaneti, luninga ikawa inazivuta yenyewe bila kompyuta. Baba alikaa akatazama kazi yote.

"Sasa mama yenu yuko kwenye kisanduku au kwenye luninga?" akauliza.

"Kisandukuni, mzee," fundi akajibu. "Huku kwenye luninga anakuja ukimwita."

"Na yeye akiniita mimi?"

Fundi akacheka. "Hapo utanisamehe mzee wangu, waya wa hiyo sina."

Tulicheka wote. Simlaumu fundi, kazi yake aliifanya safi.

Jumapili, tulipotoka kanisani, tukaweka video ya kipaimara cha dada yangu Modesta. Mama yuko uani, amekaa mkekani, anapakua ugali na mlenda wa karanga. Akainua uso: "Karibuni chakula!" Unajua kwetu, ukiwakuta watu wanakula wakikukaribisha, unajibu "starehe", wao wanaendelea. Modesta akaitania luninga: "Starehe, mama!" Nami nikajibu hivyo hivyo. Baba peke yake akasema, "Haya, Mama Modesta, naja."

Hapo mama akasogea. Niamini, alisogea pale mkekani akaacha nafasi ya mtu. Modesta anasema hakuona, alikuwa anachambua mchicha. Naandika na hilo pia.

Jioni baba akakataa chakula. "Nimeshakula." Nikadhani ni majonzi. Nilipomshika mkono kumwinua kitini, vidole vyake vikateleza kwa mlenda, vinanukia karanga. Sisi siku hiyo tulipika maharage! Labda jirani alimletea? Nilizunguka kuuliza. Hakuna aliyeleta kitu.

Ikawa hivyo kila siku. Anakaa mbele ya luninga, anatafuna taratibu na mdomo mtupu, anasema ameshiba, huku suruali inamporomoka. Hospitali walimpima, hawakuona ugonjwa, wakasema mlisheni. Tumlisheje? Anabana meno.

"Mnataka nimkatalie mama yenu?"

Modesta akachomoa waya. Wee! Baba alilia kama mtoto. "Mmemfungia mlango mwenzangu na chakula amekishika mkononi!" Na chakula chetu bado hakukigusa, hata uji. Tukauchomeka tena, maana pale mbele ya luninga angalau alikuwa anacheka. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Siku moja, kabla ya alasiri, baba alikufa palepale kitini. Alikuwa mwepesi hivi kwamba Modesta alimbeba peke yake mpaka kitandani.

Wapo wanaoniuliza kama namwona baba kwenye video. Simwoni, na sitaki kumzushia. Ninachoona ni mama anapakua sahani mbili, anaongea kwa sauti ya chini na mtu ambaye kamera haimfikii. Hainui uso tena. "Karibuni" haisemi tena. Nimekaa pale mbele mara nyingi nikimwita, mama, mama, nikasogea mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Hanitazami.

Modesta amehamia Igalula, nyumbani kwake hataki luninga. Mimi nimebaki na kisanduku kinawaka usiku na mchana. Kukizima naogopa, sijui nitakuwa nimewazimia nini.

Wewe unayesoma, kama una mzee aliyefiwa, usimwekee video ya mwenzake hata akikupigia magoti. Atakuambia sura yake inaanza kumpotea. Iache ipotee.