Breki Iliyotegemea Umeme wa London

Aibu hii hata mume wangu nimemsimulia nusu tu, lakini kwa kuwa leo mmeniganda basi nitasema yote, ila atakayecheka kabla sijamaliza ataosha vyombo.

Nilikuwa mhandisi mpya kwenye karakana moja Tottenham, tunatengeneza mashine za kuinulia mizigo, na majaribio yangu ya miezi sita yalikuwa yanaisha Ijumaa, nisipopata mkataba basi na viza imekwenda, narudi Tanga na mabegi yangu mawili. Kazi ya mwisho ilikuwa winchi ya Mzee Hasmukh, mzaliwa wa Moshi mwenye kiwanda cha bhajia kule Harrow, iinue pipa la unga wa dengu uliokorogwa mpaka usawa wa karai.

Sasa, breki za sumaku ya umeme ziko namna mbili (vumilieni, bila hapa hamtaelewa nilivyoumbuka). Moja inabanwa na springi wakati wote, umeme kazi yake kuiachia tu, kwa hiyo umeme ukizimika springi inang'ata na mzigo unabaki juu. Nyingine umeme ndio unaobana, ukiondoka, na breki imeondoka. Ile ya springi ina kelele, ta! ta!, nami nilitaka mashine yangu iwe na adabu mbele ya mgeni, nikachagua ya pili. Bosi wangu Graham alikuwa likizo, wa kuniuliza hakuna. Nikajiuliza mwenyewe, na umeme ukikatika? Nikajijibu kwa kiburi: wa kukatika ni wa Tanga, huku miaka mitatu sijanunua hata mshumaa.

Ijumaa Graham amesharudi, Mzee Hasmukh akaja na unga wake mbichi pipa zima, eti mchanga wetu wa kujaribia haumwagiki kama dengu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Leo tutaona."

Nikawasha. Pipa likapanda kimya, likasimama juu, Graham akaitikia kwa kichwa, karidhika, mzee akasema, "Hii hata panya hashtuki!" Nami moyo ukajaa, mkataba nauona huu hapa. Kwa furaha nikakumbuka kwamba mgeni wa kwetu hapewi kikombe cha maji ya moto na kifuko cha karatasi chenye majani ya chai, na asubuhi nilikuwa nimebeba jiko dogo la umeme, maziwa, iliki na tangawizi. Nikachomeka jiko kwenye soketi iliyo karibu, ambayo (mimi mhandisi!) ilikuwa laini moja na winchi.

Pap. Fyuzi ikakatika. Giza.

Na pipa likaanza kushuka. Lingeanguka mara moja ingekuwa nafuu, lakini gia zililizuia kidogo, likashuka taratibu kama mkubwa anashuka kwenye ndege, sisi watatu tunalitazama kwenye mwanga wa dirisha, na mimi nikalipigia kelele kwa Kiswahili, "Simama! Simama wewe!" Likafika sakafuni kwa kishindo, unga ukaruka, ukampata Graham kifuani, mimi mtandio wote, mzee ndevu.

Mzee akajilamba mdomo. "Chumvi imepungua," akasema.

Graham akauliza taratibu nani kachagua breki ile. Uongo ulikuwa tayari ulimini, kwamba duka lilikosea kuleta, na wallahi ungepita. Lakini yule mzee alikuwa ananitazama unga ukimdondoka, nikaona haya kumwongezea na uongo. Nikasema, "Mimi. Na jiko pia mimi."

Graham akajipangusa, akasema anayekiri anafundishika, akaniongezea majaribio miezi mitatu. Mzee akasema mashine ataichukua, ila ifungwe breki yenye kelele, kelele bhajia hazijali. Jioni nikampigia mama Tanga nikamwambia kazini wamenipenda, wameniongezea muda.

Mkataba niliupata, lakini mpaka leo mashine yangu yoyote, kabla sijamwonyesha mtu, naipandisha na mzigo, nasimama mbali, halafu nauzima umeme kwa mkono wangu mwenyewe. Na chai nawapikia wageni nyumbani.