Kibwengo Aliyekula Kona ya Pai ya Bibi

Wadau, nimewahi kuwa kibwengo wa mgodini kwa miaka sita. Msicheke, ile kazi ni ngumu.

Naitwa Perran. Kwetu ni Australia Kusini, mji wa shaba uliobaki bila shaba. Kila likizo ya Pasaka, bibi yangu Morwenna hututembeza sisi wajukuu kwenye magofu ya mgodi alikochimba babu yake.

Tunabeba pai za nyama. Kila pai Bibi huichora kwenye kona herufi ya kwanza ya jina la mwenyewe, kama walivyofanya wake wa wachimbaji, mtu asile cha mwenzake. Akishakula, huibakiza kona na kuiweka kwenye dirisha bovu la nyumba ya injini iliyovuta maji mgodini.

"Ya vibwengo," husema. "Wao ndio waliokuwa wakigonga mwamba kuwaonya wachimbaji kabla haujaporomoka."

Tukirudi, kona haipo. Bibi anatabasamu mpaka nyumbani.

Mlaji ni mimi.

Si njaa, jamani. Mwaka aliofariki Babu, mume wake, tuliikuta kona imejaa sisimizi. Bibi hakutoa neno njia nzima. Mwaka uliofuata nikajisemea, sisimizi hawanitangulii tena.

Sasa mwaka huu akaja binamu yangu Kerra, mtoto wa Adelaide, mdomo kama redio.

"Bibi, leo tunamkamata kibwengo wako!" Akaisimamisha simu yake kwenye jiwe, inarekodi dirisha.

Bibi akiona ile video, vibwengo wote wamekufa siku moja.

Tulipofika kwenye bomba la moshi la mgodi nikazuga. "Tangulieni, nafunga kamba za kiatu."

"Viatu vyako havina kamba," Kerra akasema.

"Ndiyo maana nachelewa!"

Nikazunguka nyuma ya ukuta, mbio, nzi wakinisindikiza. Nikaifunika simu kwa kofia yangu. Nikaibeba kona, nikang'ata nusu nzima.

Mama yangu!

Pilipili. Sijui aliweka shamba zima! Machozi, kamasi, masikio yanapiga honi. Nikatokea mbele huku nimeachama kama kunguru kwenye joto la Januari.

Bibi alikuwa amekaa juu ya tofali, chupa ya maziwa mkononi.

"Kunywa, kibwengo wangu."

Kerra alikuwa chini, anacheka mpaka anapiga mchanga.

"Ulijua?" nikauliza, ulimi ukiwaka.

"Hebu soma hiyo nusu uliyobaki nayo."

Nikaangalia. Kwenye kona ilichorwa P.

"Mimi ni Morwenna," Bibi akasema. "Tangu lini kona yangu ina P? Miaka mitano nakuokea ya kwako. Hujawahi kuisoma hata siku moja, mlafi wewe."

"Nilikuwa nakula ili usihuzunike, Bibi."

"Najua. Wenzako wote waliacha kuja huku. Ukabaki wewe. Nikasema, huyu asikose chakula."

Nikanywa maziwa.

"Na pilipili?"

"Hiyo ni ya Kerra. Nilimpa kijiko kimoja, akaweka vitatu."

Ukijiona unamficha bibi yako jambo kwa huruma, endelea tu, mwache akufurahie. Ila kabla ya kumeza, soma herufi.