Honi Iliyomeza Jibu la Mama

Naandika hii nikijua kabisa kuna watu watakaoisoma halafu Januari shule ikifunguliwa wanipigie "pooooo" nikipita koridoni, na hao nawaambia mapema: endeleeni tu, nimeshazoea, siku hizi hata vitoto vya fom wani ambavyo sivijui majina vinanipigia, na juzi kimoja kimenipigia nikitoka madrasa (madrasa jamani, hata aibu hakina). Kwa hiyo aibu ninayo, siikatai, nimeamua niishi nayo kama mpangaji aliyegoma kuhama.

Baba yangu ni dereva wa lori. Sio lori la mchanga, yale marefu yanayobeba makontena kutoka bandarini mpaka Tunduma, na mzigo ukiwa wa Kongo anavuka anaendelea. Kwetu Temeke tunamjua zaidi kwa sauti ya simu kuliko kwa sura. Na mie nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani: likizo ya Desemba nipande naye mpaka Tunduma na kurudi, nikae kiti cha pembeni, miguu juu ya dashibodi, nione hiyo milima ya Kitonga anayoisimuliaga kila akila.

Baba hakuwa na neno. Tatizo Mama. Ukimwomba ruhusa anakuuliza kwanza umeosha vyombo, halafu umesali, halafu umesoma, na ukivuka yote hayo anakuja na ile yake ya mwisho: "Mwaju, barabara ile imeshanichukulia mtu mmoja, wa pili simtoi." Ukimsikia utadhani kuna msiba, kumbe mtu mwenyewe aliyechukuliwa yupo sebuleni na singlendi, anakula wali maharage na kutafuta rimoti.

Sasa shule yetu, iliyopo Kiwalani, ikaandaa siku ya wazazi kuja kutueleza kazi zao, na Baba akaalikwa. Nikaona hapo hapo. Nikamfuata Kelvin, kijana wa darasani kwetu anayependa kushika maiki kuliko anavyopenda chakula, nikamwambia: "Baba akimaliza kuongea, simama umuulize, kama angerudi kuwa kijana angechagua tena udereva wa lori?" Nilijua atasema ndiyo. Atasema ndiyo mbele ya walimu na wazazi, Mama akiwa amekaa pale pale anasikia, na mtu akishasifia kazi yake hadharani hivyo mkewe atasimamia wapi kusema lori ni baya? Mpango ulikuwa safi, nilijipongeza mwenyewe kwenye kioo.

Kosa lilianzia asubuhi, na lilikuwa dogo, nawaapia. Baba alikuwa anatoka kushusha tela yadi, yaani alikuwa na kichwa cha lori kitupu, akataka akiache sheli barabara kubwa tutembee. Mie nikasema, "Baba, si ulete tu mpaka shuleni? Wenzangu hawajawahi kukiona." Akasema vichochoro vya Kiwalani vitamkwangua. Nikasema kirikuu la maji linapita kila siku (kirikuu, kigari kile kidogo, na kichwa cha lori, sijui nilikuwa nalinganisha nini). Mama akasema tutachelewa. Basi akaleta.

Alipita, siwezi kumnyima sifa yake, alipita kwenye vile vichochoro kama anavua shati. Ila pale shuleni gari likaingia nusu: kichwa ndani ya geti, mkia nje, kulia na kushoto nguzo, huwezi kupitisha hata kuku. Mlinzi wetu, Babu Ponda, akaja anakuna kidevu.

"Dereva, hapa ndiyo umeegesha au umekwama?"

"Nimeegesha, Mzee wangu. Shikamoo. Naongea kidogo tu, natoa."

"Marahaba. Mgeni rasmi akija ukiwa hujatoa, mie sikuoni na wewe hunijui."

Baba akazima injini kwa sababu mkuu wa shule, Madam Mushi, alitaka utulivu, na kwa kawaida Baba haizimagi hovyo kwa sababu betri lake limezeeka, hilo nalijua tangu nina meno ya utoto. Tukaingia bwaloni. Madam Mushi alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa, mpya, ya kumpokelea mgeni. Ikumbukeni hiyo suti.

Baba kusimama tu mbele, anapapasa mfuko, miwani hana. Mama akaninong'oneza, "Kalete garini, urudi sasa hivi." Nikapewa funguo. Jamani, mtoto kama mie kupewa funguo za lori, nani hapo alaumiwe?

Miwani niliiona mara tu nilipopanda. Lakini na fom wani nao waliniona. Walikuja kama nzi, wanakodoa macho, na rafiki yangu Sauda (aliyetakiwa kuwa bwaloni anagawa maji) akapanda akakaa kiti cha pembeni, akasema, "Dereva, twende Lubumbashi." Ningefanyaje? Nikawasha redio, singeli, spika za Baba zinagonga mpaka vioo vinatetemeka. Nikawasha na taa zote. Nikawakanyagia breki wasikie inavyopumua, pshhh, wakacheka, nikakanyaga tena, pshhh, nikawa nakanyaga kama nashona kwa cherehani.

Spika za bwaloni zilikuwa zinafika mpaka nje, kwa hiyo nikapunguza redio nimsikie Baba. Bila miwani alishindwa kusoma alichoandika, akawa anaongea tu, na alikuwa anachekesha kweli. Alisema aliingia kazini kwa sababu alitaka kuona nchi za watu, na ameziona, ameona kuwa kila nchi ina foleni. Alisema siku moja alirudi safari mwanawe akamkimbia akaenda kujificha nyuma ya mama yake akilia kuna mwizi. (Mtoto huyo ni mie. Watu walicheka. Yeye hakucheka, alikohoa kidogo kwenye maiki.)

Ndipo nikasikia sauti ya Kelvin: "Mzee, kama ungerudi kuwa kijana, ungechagua tena udereva wa lori?"

Nikapagawa kwa furaha. Nikanyoosha mkono juu, nikashika ile kamba ya honi, nikaivuta kwa nguvu zangu zote kusherehekea ushindi ambao sikuwa nimeupata bado.

Poooooo!

Nikaiachia. Yenyewe haikuniachia. Honi ya Baba ni ya upepo, na ina ugonjwa wake, ukiivuta sana inanasa, na dawa yake ni kuipiga kibao fulani anachokijua Baba peke yake. Ikawa inalia tu. Fom wani wakatawanyika, Sauda akaruka chini akaniacha (rafiki wa kweli huyo), watoto wa jirani wakapanda ukutani, mama muuza vitumbua akaziba masikio ya mwanawe badala ya yake. Mie nagonga dashibodi, nagonga paa, navuta kamba, nasema "bismillahi," inalia. Mpaka Baba alipofika mbio ilikuwa imeanza kukata pumzi yenyewe, ikaishia na sauti ya mbuzi mwenye mafua, ikanyamaza.

Baba akaangalia mshale wa upepo. Upo chini kabisa. Akaangalia taa zinazofifia. Akaangalia redio.

"Mwaju."

"Abee, Baba."

"Teremka."

Kwa wasiojua: breki za lori hazifanani na za baiskeli, upepo ndio unaoziachia, upepo ukiisha zinabana, gari linakuwa nyumba. Na upepo unajazwa na injini. Na injini inawashwa na betri. Baba akazungusha ufunguo, ikajibu tk, tk, basi.

Na nyuma, kichochoroni, lilikuwa limeshasimama gari jeusi la mgeni rasmi, na nyuma yake kirikuu lililobeba masufuria ya pilau.

"Mimi sikuoni," Babu Ponda akamwambia Baba, akageukia ukutani.

Wavulana wa fom foo wakasema watasukuma. Baba akawaambia haiwezekani, breki zimebana, wakasukuma hivyo hivyo, mmoja akachana suruali. Madam Mushi akaona mgeni hawezi kusimama juani kama mfuko wa taka, lazima apokelewe, na njia ya kutoka ni moja tu: kupanda nyuma ya kichwa, pale penye uwazi ambapo tela huwa linakaa, uvuke ushukie nje. Akavua viatu. Akapanda, mwalimu wa nidhamu anamshika mkono. Katikati akayumba, akatafuta pa kukaa apumue kidogo, akaiona ile sahani kubwa ya chuma.

"Madam, sio hapo!" Baba akapiga kelele. "Pana grisi!"

Alikuwa ameshakaa.

Ile sahani ndiyo inayobeba tela, inapakwa grisi nyeusi nene kama ugali wa jana, kila siku. Madam Mushi alisimama polepole, akageuka kumpa mgeni mkono, na sisi tuliobaki ndani tukaona muhuri. Mviringo mweusi, mzima, katikati ya suti ya maziwa. Halafu kuna mpuuzi mmoja nyuma akasema "pooo" kwa sauti ndogo, na jina langu likawa limeshapatikana.

Aliyetuokoa ni Anko Mnyalu, dereva mwenzie Baba, alikuja na bodaboda, betri zima la lori amelipakata mapajani kama mtoto mchanga.

"Nani kaua gari?" akauliza. Watu wote wakaninyooshea kidole mie. "Shikamoo, Anko," nikasema. "Shikamoo yako nitaiitikia kesho, leo mikono imejaa!"

Injini ikawaka, lakini bado tukangoja upepo ujae, mie, Mama, Baba, mgeni rasmi, pilau, wote tunangoja mshale upande. Breki zilipoachia, pshhhhh, shule nzima ikapiga makofi. Nimewahi kupigiwa makofi mara mbili maishani na hii ndiyo ya pili, ya kwanza nilianguka jukwaani.

Jioni nikamfuata Kelvin. "Baba alijibu nini?"

"Hakujibu. Alisema kwenye maiki swali hilo aulizwe mama yako, maana yeye ndiye aliyebaki nyumbani. Mama yako akasimama."

"Akasema nini?"

"We si ndiye ulikuwa unapiga honi? Nimeona mdomo tu. Ila Madam Mushi alikaa pembeni yake, yeye alisikia, akampa kitambaa ajifute macho."

Nikamuuliza Baba. "Nilikuwa nakimbilia garini, Mwaju, unajua kwa nini." Nikamuuliza Mama. Akaendelea kukuna nazi. "Nilisema mbele za watu, sirudii. Kama hukusikia, kaiulize honi."

Mnaona nilipofika? Dunia nzima mtu mmoja tu ndiye aliyesikia, na mtu huyo nilikuwa namkimbia mpaka chooni. Bahati nzuri (au mbaya) akaniita mwenyewe Jumamosi: adhabu yangu ni kuitoa ile grisi kwenye suti. Nikakaa nyuma ya ofisi na beseni na mafuta ya taa, nasugua, haitoki, inapanuka tu kama ramani ya nchi iliyoshinda vita. Madam Mushi amesimama juu yangu amekunja mikono. Nikaona, liwalo na liwe.

"Madam, samahani. Siku ile mama yangu alisema nini?"

Akaliangalia beseni, nikadhani ananiongezea adhabu.

"Alisema," akajibu, "yeye angemchagua dereva yule yule. Ila safari hii asingekubali kubaki nyumbani. Angepanda naye."

Nilikimbia nyumbani bila kusuuza mikono, nanuka kama kibatari. Nikamkuta Mama na Baba wanakunywa chai. "Mama! Najua ulichosema! Basi twende wote Tunduma!"

Mama akamwangalia Baba. Baba akaangalia kikombe. Nikawaona wanachekeana, na hapo moyo ukaniambia Mwaju, umeharibu tena.

"Wote?" Baba akasema. "Kiti cha abiria kipo kimoja."

Basi hiyo ndiyo Desemba yangu, marafiki zangu. Naandika haya nikiwa kwa bibi, Goba, nalinda kuku wa watu. Asubuhi walipopita kuaga, Mama alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mtandio mpya, miguu juu ya dashibodi, mwanamke aliyenikatalia lori maisha yangu yote. Nimeapa sitaigusa tena honi ya gari lolote, hata ya baiskeli, na wala sitasherehekea kitu kabla hakijasemwa mpaka mwisho.

Gari likaondoka. Walipofika pale kwenye kona ya mteremko nikauona mkono wa Mama unapanda juu, unatafuta kamba.

Pooooooo!

Na kwake ikaachia.